Makanisa ya Kiprotestanti na Kiswahili cha Watu Wote

Uprotestanti ulisimama juu ya dai kwamba kila muumini anapaswa kulisoma Neno la Mungu katika lugha anayoielewa. Katika Afrika Mashariki dai hilo lilizaa tatizo ambalo halijakwisha, kwa kuwa lugha iliyochaguliwa haikuwa ya Kanisa. Kiswahili kilikuwa kimelelewa kwa karne nyingi katika jamii za Waislamu wa pwani, na baadaye kikawa lugha ya dola isiyo na dini. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba changamoto kubwa ya makanisa ya Kiprotestanti si kujitengea lugha yake, bali ni kueleweka katika lugha ambayo hayaimiliki.

Ushahidi wa kwanza uko mwanzoni kabisa. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa, msaidizi wake alikuwa kadhi wa Kiislamu. Biblia iliyofuata ilijengwa kwa maneno ambayo msikitini yalikuwa na wenyewe: imani, sala, dhambi, toba, nabii, malaika, Injili, Zaburi. Hata neno msalaba lina asili ya Kiarabu. Msomaji Mwislamu aliyaelewa maneno hayo yote, lakini si lazima ayaelewe kama mchungaji alivyokusudia. Nabii wa mmoja si nabii wa mwingine kwa kila hali.

Kulikuwa na jaribio la kujenga uzio. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, alichapisha Biblia nzima mwaka 1937 akipunguza kwa makusudi maneno yenye asili ya Kiarabu. Nabii akawa mfumbuaji, na Injili ikawa utume mwema. Kazi hiyo ilikuwa ya kisomi na yenye ubunifu, lakini Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyotawala mimbarini, ilibaki na nabii na Injili. Wasemaji walikuwa wamekwisha kuamua. Neno hupata uhai wake sokoni, shuleni na barazani; halipewi uhai na asili yake peke yake.

Aidha, majirani hawakukaa kimya. Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana alipotoa tafsiri ya Kurani mwaka 1923, Waislamu walijibu kwa tafsiri zao wenyewe: ile ya Waahmadiyya ya mwaka 1953, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokamilika mwaka 1969. Tangu hapo mjadala wa dini umeendeshwa kwa Kiswahili kimoja, na kila upande unaweza kusoma kitabu cha mwenzake. Mhubiri anayetumia neno bila kulifafanua hujikuta akijibiwa kwa neno lilo hilo.

Changamoto ya pili inatokana na kutenganishwa kwa dini na dola. Nchini Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za misheni chini ya serikali. Na tangu sensa ya mwaka 1967, wananchi hawaulizwi dini zao katika kuhesabiwa. Hali hiyo haikuondoa imani, lakini iliyatoa maneno ya ibada nje ya ibada. Leo wizara hutoa baraka zake kwa mradi, mwanasiasa hubebeshwa msalaba wa chama chake, na timu ya mpira ina waumini wake. Maneno yamebaki, ila Mungu hatajwi ndani yake. Kijana anayeyasikia kanisani huyafikia akiwa na maana nyingine kichwani.

Tatu, lugha ya makanisa yenyewe imegawanyika. Uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 ulileta neno walokole kutoka Kiganda. Makanisa ya Kipentekoste yameeneza upako na maombezi. Wakati huohuo Biblia ya Union inaendelea kusema enenda na walakini, ilhali walakini kwa vijana wengi ni kasoro, si kiunganishi. Tafsiri ya Habari Njema ya miaka ya 1990, iliyowashirikisha Wakatoliki, ilikusudiwa kuliziba pengo hilo. Hata hivyo waumini wengi huona kwamba maandiko yasiyo na ukale yamepungukiwa na utukufu.

Mvutano huo si wa mitindo tu. Kanisa likichagua ukale, linajipatia heshima na kupoteza wasikilizaji; likichagua lugha ya mtaani, linasikika na huenda lisitofautishwe na matangazo ya biashara. Njia iliyobaki ni ngumu zaidi, nayo ni ya ufafanuzi: kulichukua neno la wote, kukiri kwamba jirani naye ana haki nalo, kisha kueleza kwa subira maana inayokusudiwa. Krapf na kadhi wa Mombasa hawakukubaliana katika imani. Hata hivyo, ilibidi wakubaliane kwanza juu ya maana ya kila neno kabla halijaandikwa. Kazi hiyo waliyoianza wawili hao bado haijapata mrithi wa kutosha katika vyuo vya theolojia wala katika idara za Kiswahili.