Somo la Leo: Kugeuza Objekti Kuwa Safu

Katika JavaScript, objekti ni kama daftari la madeni: kila jina lina kiasi chake. Safu ni vitu vilivyopangwa mstari mmoja, cha kwanza kikihesabiwa sifuri. Ukitaka kuwapanga wadaiwa kwa ukubwa wa deni, sharti kwanza ugeuze daftari kuwa safu.

Njia ni tatu. Object.keys, iliyoingia katika kanuni za lugha hiyo mwaka 2009, hutoa majina matupu. Object.values hutoa fedha tu. Object.entries, iliyoingia pamoja nayo mwaka 2017, hutoa jozi: jina na fedha yake.

Jihadhari! Ukizipanga fedha peke yake, hutajua tena ni za nani, na utamdai asiyehusika. Basi shika jozi: Object.entries(madeni).