Nani Atafundisha Somo la Sanaa Ufipa?

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama, Sumbawanga Mjini)

 

Mmezoea nikisimama hapa naongelea dhamana na mikutano ya hadhara. Leo naomba dakika chache nimwongelee mwalimu wa kuchora. Msicheke kwanza.

Mdogo wangu wa kiume yuko Kidato cha Tatu. Akikuchora, mama yako anakutambua. Anataka awe mwalimu wa sanaa. Shuleni kwao somo la Sanaa za Ufundi halipo kwa sababu mwalimu hakuna. Na mwalimu atoke wapi, kama shule hazilifundishi? Tunazunguka palepale.

Mtaala mpya ulioanza 2024 una somo la Sanaa na Michezo kwa shule za msingi. Mwaka huohuo zikatangazwa tahasusi mpya za Kidato cha Tano, na za sanaa zimo. Hilo ni jema, tuliseme bila kununa. Lakini somo lisipokuwa na mwalimu aliyefundwa, kipindi chake kinaishia kufagia uwanja.

Kuna wanaosema kuchora ni kipaji tu, mbona Tingatinga hakusoma? Kweli, Edward Saidi Tingatinga hakupita chuo cha sanaa. Lakini kabla hajafa mwaka 1972 alikuwa ameshawafundisha vijana wa ukoo wake, wamekaa naye wakipaka rangi. Kwa hiyo walifundishwa! Sasa darasa la watoto sabini linataka zaidi ya hapo. Mwalimu ajue kuchanganya rangi, kuonyesha umbali kwenye picha, kuandaa somo, na kusahihisha kazi ya mtoto bila kumkatisha tamaa. Hayo yanasomewa. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kinajulikana miaka mingi kwa kufundisha walimu wa sanaa. Ila kutoka Laela au Namanyere mpaka Mwanza, nauli ya nani?

Wala tusiambiwe vifaa ni ghali. Udongo wa kufinyangia tunao, na wafinyanzi wapo. Wazee wa Kifipa walijenga malungu, tanuri refu kuliko mtu, wakayeyusha chuma. Mwalimu akiwa amefundwa vizuri, vya kuanzia anavyo hapahapa.

Sasa kidogo kama mwanafunzi wa sheria. Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu haki ya kujielimisha, na raia anakuwa huru kutafuta elimu katika fani anayoipenda, kwa kadiri ya stahili na uwezo wake. Tamu, eti? Haya, rudi nyuma usome Ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kutekelezwa kwa nguvu na mahakama yoyote. Yaani mdogo wangu ana haki, ila hana pa kwenda kuidai. Ndiyo maana tukidai Katiba Mpya hatudai vyeo vya wanasiasa tu.

Lakini tusikae kusubiri. Mbunge akija, tumuulize: kwenye ajira za walimu, nafasi za sanaa ni ngapi? Chuo cha Ualimu Sumbawanga kiko hapahapa mjini, kinatoa walimu wangapi wa sanaa? Na mwalimu wa sanaa akipangiwa shule, anapewa vipindi vyake au anaenda kuziba pengo la masomo mengine?

Na sisi wenyewe tujiangalie. Kampeni zikianza tunamtafuta kijana atuandikie mabango usiku kucha, tunampa soda. Akisema anataka kusomea, tunamwambia atafute kazi ya maana. Jamani, tuache.

Mwenye mdogo wa Kidato cha Nne anayechora, amlete tukae naye tuangalie tahasusi kabla hajajaza selform. Mimi nipo mpaka chuo kifungue.