Miiba Itoayo Maua

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakaaji wa Muthurwa, Nairobi.)



Nimeombwa kusema nanyi juu ya kazi ya kuburudisha moyo ambayo haihitaji shamba, wala maji mengi, wala saa nyingi: nayo ni kulea madungusi, yaani ile mimea midogo minene yenye miiba. Najua yupo mtu hapa aliyekwisha kujiuliza, "Je, yaliwa?" La, haya madogo hayaliwi, wala hayatamtajirisha mtu. Faida yake ni ua. Nami nataka kuwaelezeni kwa nini ua hilo hukosekana katika nyumba nyingi, ingawa hewa ya Nairobi yalifaa sana.

Mtaa huu ulijengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake, vyumba safu kwa safu, na bomba moja la maji kwa watu wengi. Bustani haikutiwa katika hesabu. Lakini mwenye chumba kimoja, awe Muthurwa au Makongeni au Shauri Moyo, anacho kizingiti au dirisha, na pengine kipande cha ukuta kipigwacho na jua la asubuhi. Pahali hapo patosha. Dungusi lililo kadiri ya yai la kuku huweza kukaa katika mkebe mdogo miaka mingi, na kila mwaka likatoa maua makubwa kuliko mtu anavyotazamia.

Kwanza tulijue dungusi lenyewe. Asili yake ni bara la Amerika, tangu Kanada hadi kusini kabisa mwa Argentina. Katika jamii hiyo yote, yenye aina zaidi ya elfu moja, ni aina moja tu ionekanayo kuwa mwenyeji wa Afrika pia, nayo haina sura ya dungusi: huning'inia kama kamba katika miti ya misitu. Wengi huchanganya madungusi na mnyaa na ndugu zake, kwa sababu ya unene na miiba. Tazameni mahali mwiba unapoota. Miiba ya dungusi hutoka katika kifundo kidogo chenye manyoya kama sufu, lakini ndugu za mnyaa hawana kifundo hicho. Tofauti hiyo si ya wataalamu tu, kwa maana utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kudhuru macho. Mwenye watoto wadogo na akumbuke hayo kabla ya kuleta mmea nyumbani.

Sasa, kwa nini madungusi mengi hufa mikononi mwa watu wema? Hufa kwa wema wenyewe. Mtu aona udongo umekauka, aingiwa na huruma, amwagia maji kila asubuhi kama anavyomwagilia sukuma wiki, na baada ya majuma machache mmea walainika chini na kuanguka. Mizizi imeoza. Dungusi limeumbwa kwa nchi kavu. Hata vitundu vyake vya kupumulia hulifunga mchana na kulifungulia usiku, ili lisipoteze maji juani. Halina haja ya huruma ya kila siku.

Na udongo wa upande wetu wa mji waongeza shida. Eastlands ina udongo mweusi unaonata, ambao ukilowa hushika maji siku nyingi, na ukikauka hupasuka. Usiutumie peke yake kamwe. Chukua mchanga mzito wa mto, ule wa wajenzi, uuoshe, kisha uchanganye nusu kwa nusu na udongo mwekundu au mbolea ya majani iliyooza kabisa. Toboa mkebe chini kwa msumari, matundu manne au matano, kisha weka vipande vya matofali juu yake. Mkebe usiotobolewa ni kaburi. Wakati wa kupanda, kunja gazeti kuwa ukanda, ulizungushie dungusi na kulishika kwa huo. Vidole vyako vitakushukuru.

Wakati wa joto na jua, tia maji mpaka yatoke chini, kisha ngoja udongo ukauke kabisa ndipo utie tena. Lakini siri ya ua iko katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Hapo Nairobi hufunikwa na mawingu, mvua huwa haba, na baridi ya usiku wa Julai hushuka hadi kama digrii 11 au 12. Sisi twalalamika na kutafuta makoti, lakini kwa madungusi madogo ya milimani hayo ndiyo mapumziko. Katika miezi hiyo usiyape maji ila tone kidogo sana yakianza kunyauka. Yatasinyaa, yaache. Jua lirudipo mwezi wa Septemba, yaanzishie maji polepole, na aghalabu utaona vichipukizi vya maua. Anayemwagilia mwaka mzima hupata mmea mnene wa kijani usio na ua.

Kwa mwanzo nasifu aina ya mamilaria, itokayo zaidi Meksiko, ambayo maua yake madogo huzunguka kichwa kama taji. Rebutia, ya milima ya Bolivia na Argentina, hutoa maua yake chini karibu na udongo, mengi hata hufunika mmea. Wala msidanganywe na kile kichwa chekundu au cha manjano kilichopachikwa juu ya shina la kijani. Hicho si ua: ni dungusi lisilo na rangi ya kijani, lisiloweza kujilisha, ambalo Wajapani walibuni kuliunganisha na mmea mwingine. Wako pia wauzaji wanaobandika ua kavu kwa gundi. Livute kidogo kabla ya kutoa fedha.

Neno moja zito. Msipande mpungate nje, wala kuutupa ukiwa hai. Huko Laikipia ulipandwa zamani kuwa ua wa boma. Tembo na nyani wakala matunda yake na kuzisambaza mbegu, hata malisho mengi yakafunikwa, na miiba yake myembamba huumiza vinywa na macho ya mbuzi. Kipande kimoja kilichoanguka chini huota.

Wala msing'oe mimea ya porini ya nchi yetu. Bwana Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea katika Makumbusho ya Coryndon hapa Nairobi tangu 1938 hadi 1958, aliandika kitabu kizima, kilichotolewa 1961, juu ya kundi moja tu la ndugu za mnyaa wa Afrika. Nunueni miche iliyooteshwa na watunza vitalu, au ombeni kitoto kwa rafiki. Kiacheni kivulini siku chache jeraha likauke, ndipo mkipande.

Mwenye ekinopsi na azidi kuwa macho. Ua lake jeupe, refu kama tarumbeta, hufunguka jioni. Awaite majirani usiku ule ule, kwa maana kesho yake mchana litakuwa limekwisha kunyauka.