Somo la Ardhi: Ngitili na Uhai wa Miji Yetu

Vikundi vya kusikiliza, mwandishi wenu na awe na kalamu tayari. Swali letu la leo ni hili: mji huilindaje ardhi inayoulisha?

Tangu zamani Wasukuma walikuwa na ngitili. Ngitili ni malisho yaliyotengwa. Mvua zinapoanza hufungwa, ng'ombe wasiingie. Kiangazi kinapokuwa kikali hufunguliwa. Lakini zama za ukoloni miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka. Kisha, katika miaka ya 1970, watu wakahamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao. Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mpango huo ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Je, miti hiyo yote ilipandwa? La. Sehemu kubwa ilichipua yenyewe kutoka visiki na mizizi iliyobaki hai ardhini. Ilihitaji kupumzishwa tu. Na nani aliyeilinda? Wanakijiji walikutana katika dagashida, baraza la wote, wakapatana sheria ndogo na faini. Sungusungu wakalinda. Mwenye ng'ombe alishiriki kuitunga sheria, ndiyo maana aliitii.

Sasa tutazame mijini. Mkaa unaopikia Shinyanga, Kahama na Geita hautoki mjini. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao huhitaji magogo ya kuzuia kuta za mashimo yasiwaangukie. Kijiji kikifunga ngitili yake, na mji ukanunua kila gunia bila kuuliza limetoka wapi, hiyo ni kazi ya kuteka maji kwa pakacha. Basi yafaa halmashauri za miji, wachimbaji na vijiji wakae baraza moja. Wapatane miti ikatwe wapi na kwa kiasi gani, na sehemu ya ushuru imrudie aliyeitunza.

Jadilianeni maswali mawili. La kwanza: mkaa mnaotumia nyumbani umetoka msitu gani? La pili: sheria yenu ya miti ilipotungwa, ni nani ambaye hakuitwa?

Kwaherini, hadi somo lijalo.