ZIWA MOJA, KANUNI MOJA

Mtu anayesimama Rubona, kando ya mji wa Gisenyi, na kuyatazama maji ya Ziwa Kivu wakati wa magharibi, huona utulivu mtupu. Wavuvi wa sambaza huwasha taa zao, na mitumbwi yao, iliyoungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, huelekea kazini. Lakini utulivu huo ni wa juu tu. Vilindi vya ziwa hilo vimebeba kiasi cha kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani, na kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa. Ya kwanza ni mali. Ya pili, ikitoka kwa ghafla, ni mauti.

Afrika imekwisha kuiona mauti hiyo. Tarehe 15 Agosti, 1984, Ziwa Monoun la Kameruni lilifoka hewa hiyo, na watu 37 wakafa. Tarehe 21 Agosti, 1986, Ziwa Nyos la nchi hiyo hiyo liliua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja. Hewa ya ukaa ni nzito. Hutambaa mabondeni kama maji, na aliyelala haamki tena. Ziwa Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko hayo mawili, na watu zaidi ya milioni mbili wanaishi kandokando yake, Rwanda na Kongo.

Uchimbaji wa gesi ya Kivu si jambo la jana. Tangu mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona ulikuwa ukitoa methani ya kuchemshia matangi ya kiwanda cha bia cha Bralirwa, na ulifanya kazi kwa miaka kama 40. Mwaka 2008 ulianza mtambo wa majaribio wa kutoa umeme. Mwishoni mwa mwaka 2015 mradi wa KivuWatt, huko Kibuye, ulianza kutoa umeme kwa uwezo wa megawati 26. Baadaye ukajengwa mradi wa Shema Power katika wilaya ya Rubavu yenyewe, uliokusudiwa kutoa megawati 56. Upande wa pili, Serikali ya Kongo ilitangaza, Julai 2022, zabuni ya vitalu vitatu vya gesi katika ziwa hilo hilo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wachimbaji wanaongezeka, lakini ziwa ni moja. Bomba hushushwa mita 350 hivi. Maji ya kilindini yakipanda, gesi hujitenga kwa mapovu, na mapovu hayo huyavuta maji mengine juu. Gesi huoshwa ili kupunguza hewa ya ukaa, na maji yaliyobaki sharti yarudishwe ziwani. Yarudishwe kina gani? Swali hilo si dogo. Maji ya Kivu yamepangana kwa tabaka, mazito chini na mepesi juu, na tabaka hizo ndizo kifuniko cha chungu. Mmoja akiyarudisha maji mahali pasipofaa, huharibu kifuniko cha wote, na huweza kuwaua samaki kwa maji yenye sumu ya kilindini.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2009 kikundi cha wataalamu kilitayarisha maagizo ya kusimamia uchimbaji wa gesi ya Kivu. Usalama wa wananchi uliwekwa mbele, mazingira yakafuata, na faida ikatakiwa isivunje mawili hayo. Rwanda imeweka pia mpango maalumu wa kulichunguza na kulipima ziwa mara kwa mara.

Hata hivyo, maagizo yaliyoandikwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni maarifa ya kila siku ya fundi aliye kwenye mtambo: vali iliyokwama, kipimo kilichodanganya, povu lililobadilika mwendo. Maarifa hayo yakifungiwa katika kabati la kampuni moja, kampuni ya pili italazimika kuyanunua upya kwa ajali.

Dunia imelipa gharama hiyo. Tarehe 6 Julai, 1988, katika Bahari ya Kaskazini, kwenye jukwaa la Piper Alpha, pampu moja ilikuwa imeondolewa vali ya usalama kwa matengenezo. Taarifa hiyo haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Pampu nyingine ilipozimika, wakaiwasha ile iliyopungukiwa. Watu 167 walikufa. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na yote yakakubaliwa. Askari yeyote anaufahamu msiba wa namna hiyo: ni lindo lililokabidhiwa bila maneno.

Wako wanaosema kwamba kampuni imetumia fedha zake, na kwamba siri zake ni haki yake. Dai hilo lina ukweli kwa upande wa bei na mikataba. Halina ukweli kwa upande wa usalama. Kivu yenyewe imetoa fundisho. Mwaka 2005 utafiti ulionyesha kwamba methani ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 15 hadi 20 tangu miaka ya 1970, na hofu ikaenea. Mwezi Machi 2018 vikundi vya wanasayansi kutoka nchi mbalimbali vilikutana ziwani, kila kimoja na vyombo vyake, vikapima maji yale yale na kulinganisha hesabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba hapakuwa na ongezeko kubwa. Kilichoiondoa hofu hiyo ni vipimo vilivyowekwa mezani mbele ya wote.

Kwa majeshi na polisi jambo hili si la wahandisi peke yao. Tarehe 22 Mei, 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, ardhi ilitetemeka kwa siku kadhaa, nyumba za Gisenyi zikapata nyufa, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka. Siku kama hiyo askari ndiye anayesimama njiani. Hapana budi ajue mapema mitambo iko wapi, nani huizima, kwa ishara gani, na kwa nini moto hauruhusiwi karibu na gesi wala watu hawakimbizwi kuelekea bondeni. Hawezi kuyajua hayo ikiwa kila kampuni ina ishara yake na daftari lake.

Hivyo basi, yanayotakiwa yako wazi: kanuni moja ya kuendesha mitambo, kipimo kimoja, taarifa ya kila hitilafu kwa wote, na mazoezi ya pamoja baina ya mafundi na walinzi wa usalama, pande zote mbili za mpaka. Jeshi lisilo na amri moja ni kundi la watu wenye silaha. Na mitambo isiyo na kanuni moja, juu ya ziwa kama Kivu, haina tofauti kubwa nalo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa Kivu, ukibomoka, hakuna mkono utakaoweza kuujenga.