Chama Kisiwe cha Sufuria Pekee

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa viongozi wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu



Nimeombwa nizungumze kuhusu vyama vinavyowainua wanawake, pamoja na wengine walioachwa nyuma, katika kazi zao. Mtu akisikia maneno hayo hufikiria ofisi kubwa jijini Nairobi. Mimi nitaanza na chama chako wewe.

Karibu kila kijiji katika kaunti hii kina chama. Mwezi huu mama mmoja ananunuliwa sufuria, mwezi ujao mwingine ananunuliwa vikombe, halafu wa tatu anapata tangi la maji. Hayo si mabaya, kwani tangi la maji humpunguzia mama safari ya mtoni. Lakini kikundi kinachoweza kuchangia tangi kinaweza pia kumlipia binti wa mwanachama ada ya mtihani wa ufundi, au kumpa nauli ya kwenda mahojiano ya kazi. Ombi langu leo ni chama kiongeze kazi na taaluma katika mambo kinayochangia.

Sheria imeshafungua milango kadhaa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa taasisi za kuchaguliwa au kuteuliwa. Kifungu cha 54 kinataka angalau asilimia 5 ya nafasi hizo ziende kwa watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kaunti hiyo. Kwa hivyo yule anayesema, "Mimi ni wa kabila dogo hapa, sitapata," ajue kwamba sheria inamtambua.

Hata hivyo, sheria haiwezi kukuandikia barua ya maombi. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti humchagua mtu kati ya walioomba. Binti akisoma tangazo la kazi ya fundi umeme akasema hiyo ni ya wanaume, asipoomba, hakuna asilimia itakayomsaidia. Hapo ndipo kikundi kinapohitajika: mtu wa kumwambia aombe, wa kumsomea barua yake kabla hajaituma, na wa kumfanyisha mazoezi ya maswali. Na tafadhali kumbukeni, nafasi ya kazi haiuzwi. Anayekuomba pesa ili "akupitishe" ni tapeli, na ripoti yake ipelekwe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Tazameni jinsi wenzetu walivyofanya. Mwaka 1983, wakati vyumba vya habari vilikuwa vya wanaume, wanahabari wanawake wa Kenya walianzisha chama chao, AMWIK. Nami nikiwa niliyesomea uanahabari, naheshimu sana kazi hiyo. Miaka miwili baadaye, 1985, mawakili wanawake walianzisha FIDA Kenya, ambayo hadi leo huwasaidia kisheria wanawake wasioweza kulipa wakili. Mwaka 2010 wasichana wachache wa teknolojia jijini Nairobi walianzisha AkiraChix, na sasa inawafunza wasichana kutoka familia zisizo na uwezo kazi ya kuandika programu za kompyuta. Wahasibu wanawake nao wana chama chao. Watu wenye ulemavu wana muungano wao, UDPK, tangu 1989.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichosubiri kila kitu kiwe tayari. Walikuwa watu wachache wa kazi moja waliochoka kuwa peke yao.

Upweke huo ni jambo zito. Vyuo vya ufundi vya vijiji viko chini ya serikali za kaunti, na wasichana wanajiunga na uashi, umeme na makanika. Lakini msichana anaweza kufaulu darasani kisha akaiacha kazi katika miezi ya kwanza. Sababu mara nyingi si nyundo kuwa nzito. Ni mjengo usio na choo cha wanawake, ni msimamizi anayemtuma achote maji badala ya kumpa mwiko, ni maneno machafu, na ni kukosa wa kumwambia. Akiwa na mafundi wenzake watano wa kike kwenye kikundi kimoja cha simu, anajua mjengo gani una heshima, siku moja ya kazi inalipwa ngapi, na nani halipi. Habari hizo wanaume wamekuwa wakipeana kijiweni siku zote.

Wanachama wenu pia wajue haki zao kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili, na baba wiki mbili. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Mfanyakazi mmoja akiuliza haya huonekana mkorofi. Chama kikiuliza kwa barua, mwajiri hujibu.

Sasa nije kwa tenda. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inatenga asilimia 30 kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ili kuingia humo unahitaji cheti cha AGPO, na cheti hicho ni cha bure. Biashara iwe angalau asilimia 70 mali ya watu wa kundi husika, na viongozi wake wote wawe wa kundi hilo.

Hapa nitasema wazi. Kuna kina mama wanaoazimisha majina yao. Mwanaume mwenye pesa anakuja na karatasi, mama anatia sahihi, tenda inapatikana, naye anapewa kidogo cha "asante". Kodi ikidaiwa, jina ni la mama. Bidhaa zikikataliwa, jina ni la mama. Na fundi wa kweli wa kushona sare, ambaye nafasi hiyo ilitengewa yeye, amebaki na cherehani yake. Dada zangu, msitie sahihi biashara ambayo hamjui akaunti yake ina shilingi ngapi.

Najua swali lingine mlilonalo, la malipo kuchelewa. Sitalikwepa. Malipo ya wauzaji huchelewa katika kaunti nyingi, na mfanyabiashara mdogo ndiye huumia kwanza. Kwa hivyo msikope kwa wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kila wiki ili kutimiza oda. Hazina ya Biashara ya Wanawake ina mkopo wa kugharamia oda ya serikali. Pia ina mikopo ya vikundi, kama ilivyo Hazina ya Uwezo. Wekeni nakala ya kila karatasi iliyopokelewa na kutiwa sahihi, na mfuatilie mkiwa kikundi.

Kabla ya kumaliza, naomba kila kikundi kifanye mambo manne kwenye mkutano wake ujao.

Kwanza, hakikisheni mmesajiliwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Sheria inataka wanachama wasiopungua 10. Bila cheti hicho hizo hazina hazitawafungulia mlango.

Pili, mwenye ulemavu ambaye hajasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu asaidiwe kusajiliwa. Usajili huo ndio unaomwezesha mfanyakazi kuomba msamaha wa kodi kwa mapato yake ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi.

Tatu, mwanachama aliyejifunza kazi kwa mikono, bila kwenda chuo, aulizie mtihani wa ufundi wa NITA. Miaka kumi ya kushona bila cheti mwajiri haioni.

Nne, wekeni sehemu ndogo ya mchango wa kila mwezi iwe ya kazi: ada ya mtihani, nauli ya mahojiano, buti za usalama za fundi mpya.

Tangi la maji litanunuliwa bado. Lakini binti aliyepata cheti na kazi atakuja kuchangia tangi la pili na la tatu.