Mgeni Afikapo Sikonge

Leo tumsindikize mgeni aliyekuja Unyamwezi kutazama kazi za mikono.

Wageni wengi hupelekwa Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Huutazama mlango wa nakshi, wakapiga picha, wakaenda zao. Mlango ni mzuri, sina neno nao. Lakini ufundi ule ulikuja na misafara. Ufundi wa wenyeji uko msituni.

Basi mgeni na aende kusini mpaka Sikonge, amwangalie mrina asali akitengeneza mzinga wa gome. Hukata gome kuzunguka mti, juu na chini, akatia mkato mmoja wa kushuka, kisha akalibandua polepole lisivunjike. Halafu hulikunja lirudi kuwa bomba, akalishona kwa vijiti, akaziba ncha zote mbili na kuacha tundu la nyuki. Hapana msumari hata mmoja! Asali hubaki nyumbani au huuzwa. Nta imesafirishwa ng'ambo tangu wakati wa Wajerumani.

Lakini mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Ndiyo sababu hufundishwa mizinga ya masanduku, na Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Mbao nazo hutoka mtini, ila mti mmoja hutoa masanduku mengi. Taabu ni fedha ya kuyanunua.

Katika darasa lenu, muulizeni mzee mrina asali: gome hubanduliwa majira gani, na la mti upi? Andikeni majibu yake.